Mazoezi ya Mwili kwa Akili Iliyochoka: Mwongozo Kamili kwa Anayeishi na Saratani

Malalamiko huanza na mambo madogo. Jina la mtu unayemjua miaka yote linakwama ulimini. Aya moja unaisoma mara tatu na bado haiingii. Watu wawili wakiongea kwa pamoja, hushiki neno la yeyote. Kwa muda mrefu wagonjwa wa saratani waliosema hivi walijibiwa kuwa ni wasiwasi tu, au ni umri. Siku hizi madaktari wanakubali kwamba tatizo lipo. Katika tafiti, hadi wagonjwa 3 kati ya 10 wameonekana na dalili hizi hata kabla ya kuanza dawa, hadi 3 kati ya 4 wakati wa matibabu, na karibu thuluthi moja huendelea nazo miezi au miaka baada ya kumaliza.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, awe bado kwenye dawa au ameshamaliza, na ni wa anayemuuguza pia. Niseme mapema ninaposimama: mazoezi hayarudishi kumbukumbu moja kwa moja kama kidonge kinavyoshusha homa. Yanapita kwanza kwenye uchovu, usingizi na moyo uliovunjika, na aliyechoka zaidi ndiye anayeelekea kunufaika zaidi. Ndiyo maana mpango wote ulio hapa chini unaanzia kwenye uchovu wako. Mtihani wa kumbukumbu haumo.

Kinachotokea kichwani

Mambo manne ndiyo hudhoofika mara nyingi: kushika jambo jipya, kutuliza makini, kasi ya kufikiri, na kupanga shughuli yenye hatua nyingi. Lugha, maarifa ya zamani na busara ya mtu kwa kawaida hubaki palepale, ndiyo maana watu wa nje hawaoni kitu na mgonjwa hujiona kama anasingizia.

Sababu huja kwa pamoja. Baadhi ya dawa za kemotherapi huathiri seli za ubongo. Tiba za homoni kwa saratani ya matiti na ya tezi dume zinaweza kuchangia, na mionzi ya kichwani vilevile. Saratani yenyewe na matibabu yake huifanya kinga ya mwili imwage saitokini, kemikali za kutangaza hatari ambazo zikikaa juu muda mrefu huvuruga kazi ya ubongo. Ongeza upungufu wa damu, usiku usio na usingizi, sonona, na dawa za maumivu, za kichefuchefu au za usingizi, ambazo nyingi hulegeza fahamu.

Mazoezi hugusa kadhaa ya sababu hizo kwa mpigo. Huongeza damu inayofika kichwani, hutuliza saitokini, huboresha usingizi, na huchochea BDNF, protini inayosaidia seli za neva kuishi na kuungana upya. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya waliotembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima: hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu, iliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2. Wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo, yao ilipungua. Utafiti huo hutajwa mno kwenye mazungumzo ya saratani, kupita kiasi kwa maoni yangu, kwa sababu wale hawakuwa wagonjwa.

Kwa wagonjwa wenyewe habari ni mchanganyiko. Mwaka 2018 utafiti mmoja wa California uliwafuatilia wanawake 87 waliopona saratani ya matiti. Baada ya wiki 12 za mazoezi, kasi yao ya kufikiri ilipanda, hasa kwa wale ambao ugonjwa uligunduliwa ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 2022 yakaja matokeo ya Uholanzi: wanawake 181 waliowahi kupata kemotherapi na kulalamikia akili, miezi 6, saa 4 za mazoezi kwa wiki. Kwenye vipimo vya kumbukumbu hakukuwa na tofauti kati ya waliofanya na wasiofanya. Lakini waliofanya walisema wenyewe kwamba akili imepata nafuu, uchovu na sonona vilipungua, na wale waliokuwa wamechoka sana tangu mwanzo walipanda hata kwenye vipimo. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, ACSM, kilipotoa miongozo yake ya mazoezi na saratani mwaka 2019, kilisema ushahidi ni wa nguvu kwa uchovu, wasiwasi, sonona na uwezo wa mwili. Kuhusu akili kilisema ushahidi bado hautoshi.

Na tafiti nyingi zimefanywa kwa wanawake wenye saratani ya matiti. Mwenye saratani ya damu, ya utumbo au ya tezi dume anazichukua kwa tahadhari.

Hatua ya kwanza: hakikisha si jambo jingine

Kabla ya kuvaa viatu, mweleze daktari dalili zako za akili waziwazi, kwa mifano. Usiseme "nasahau". Sema "nimeacha jiko linawaka mara mbili wiki hii" au "siwezi kufuata mazungumzo ya simu". Uliza mambo haya:

- Hemoglobini yangu (kipimo cha wingi wa damu) ni ngapi, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ni ngapi?
- Je, tezi ya shingo na vitamini B12 vimepimwa?
- Ni dawa ipi kati ya ninazotumia inayoweza kunizubaisha, na inaweza kupunguzwa au kubadilishwa saa?
- Je, saratani imefika kwenye mifupa, na mifupa ipi?
- Je, moyo wangu umewahi kuguswa na dawa nilizopewa?

Swali la mwisho watu wengi hawaliulizi. Doksorubisini na trastuzumabu, kwa mfano, zinaweza kudhoofisha moyo, na aliyezipata anahitaji kujua hali yake kabla ya kuongeza kasi.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla hakutibiwi kwa mazoezi. Ukizungumza ovyo, ukidhoofika upande mmoja wa mwili, ukipata degedege, au kichwa kikiuma vibaya pamoja na kutapika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Maambukizi, kalisi kupanda sana kwenye damu, sodiamu kushuka na uvimbe kwenye ubongo huweza kujitokeza hivyo. Kadhalika homa ya nyuzi 38 na zaidi ukiwa kwenye kemotherapi ni dharura, hata kama unajisikia vizuri.

Hatua ya pili: andika unapoanzia

Chukua daftari. Wengine hupenda programu za simu, lakini mtu ambaye kuangalia skrini kunamchosha hana sababu ya kujiongezea mzigo.

Andika kazi tatu za kila siku ambazo akili yako inazikwamia. Ziwe halisi na zipimike: kusoma kurasa tano bila kurudia, kukumbuka dawa za jioni bila kukumbushwa, kufuata kikao cha nusu saa. Kila moja ipe alama kuanzia 0 hadi 10. Kisha andika uchovu wako kwa kipimo hichohicho, 0 ikiwa huna uchovu kabisa na 10 ikiwa huwezi kuinuka, na saa ulizolala. Mwisho, pima mwili kwa njia mbili rahisi: ni mara ngapi unaweza kuinuka kwenye kiti na kukaa tena ndani ya sekunde 30 bila kutumia mikono, na unatembea umbali gani kwa dakika 6 kwa mwendo wako wa haraka, ukipumzika unapohitaji. Usipime siku ya kwanza baada ya dripu, wala usipime peke yako kama una kizunguzungu.

Kazi hizo tatu ndizo hakimu wako. Michezo ya kumbukumbu kwenye simu haifai kwa upimaji huu, kwa kuwa ukiirudia unaizoea, alama zinapanda, na maisha yanabaki yalivyokuwa.

Hatua ya tatu: mazoezi ya pumzi

Mazoezi ya pumzi ni yale yanayoharakisha pumzi na mapigo ya moyo, kama kutembea. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu hukosea kwa kuanza kwa pupa.

Lengo la mwisho, kwa mujibu wa ACSM, ni dakika 30 za mazoezi ya pumzi ya kiasi, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12 angalau. Kutembea kunatosha. Baiskeli ya mazoezi inafaa, kucheza muziki kunafaa, na kuogelea pia kwa asiye na katheta (mrija uliowekwa mwilini) wala kidonda. "Kiasi" maana yake unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa kadhaa za presha na moyo huyashusha mapigo na kukudanganya.

Unaanzia wapi? Angalia uchovu ulioandika.

Ukiwa 7 au zaidi, anza na dakika 5 asubuhi, 5 mchana na 5 jioni, mwendo wa polepole. Ndiyo, tano. Mtu aliyekuwa akikimbia kabla ya kuugua ataona ni utani, lakini mwili uliolazwa wiki kadhaa umepoteza misuli na pumzi, na akijitutumua dakika 30 siku ya kwanza atalala siku mbili na kuapa kwamba mazoezi hayamfai.

Ukiwa kati ya 4 na 6, anza na dakika 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, siku 3 au 4 za wiki. Ukiwa chini ya 4, dakika 20 ni mwanzo mzuri.

Kila wiki ongeza dakika 2 hadi 5 kwa kila kipindi, kwa sharti moja: saa moja au mbili baada ya mazoezi uchovu uwe umerudi ulipokuwa, au umepungua. Ukiamka kesho yake ukiwa hoi kuliko jana, ulizidisha. Rudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita, usiache kabisa. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye. Wengi hufika dakika 30 kati ya wiki ya 6 na ya 10, na anayechelewa zaidi ya hapo hajafeli.

Dakika 3 hadi 5 za mwanzo ziwe za kupasha mwili, na za mwisho ziwe za kushusha mwendo. Kusimama ghafla huweza kuleta kizunguzungu, hasa ukiwa na upungufu wa maji.

Ninapendekeza nje kuliko ndani pale inapowezekana, na mchana kuliko usiku. Mwanga wa mchana husaidia kupanga saa za usingizi, na usingizi ukikaa sawa akili hufuata. Mazoezi mazito karibu na saa ya kulala huwakosesha wengine usingizi.

Hatua ya nne: nguvu za misuli

Mara 2 kwa wiki, siku zisizofuatana. Mazoezi matano yanatosha: kuinuka na kukaa kwenye kiti, kujisukuma ukutani, kuvuta mkanda wa mpira kuelekea kifuani, kusimama kwa vidole vya miguu huku umeshika kitu, na kuinua nyonga ukiwa umelala chali. Fanya kila moja mara 8 hadi 15, upumzike, urudie seti ya pili. Marudio mawili ya mwisho yawe magumu lakini yasikuvunje mkao. Usizuie pumzi. Toa pumzi unaposukuma.

Anayetumia steroidi kwa muda mrefu asiruke hatua hii, kwani dawa hizo hula misuli ya mapaja, na zoezi la kiti ndilo linaloirudisha. Aliyeondolewa tezi za kwapani asiogope kubeba uzito: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba kunyanyua vyuma kwa kuongeza kidogokidogo, chini ya usimamizi, hakukuzidisha uvimbe wa mkono. Aanze na uzito mdogo kabisa, avae soksi ya mkono kama ameandikiwa, na aongeze pale tu mkono unapobaki mtulivu.

Hatua ya tano: panga kwa kufuata mizunguko ya dawa

Ukiwa kwenye kemotherapi, kalenda ya kawaida ya wiki haikufai. Andika kwa mzunguko mmoja au miwili siku zipi zinakuangusha. Kwa wengi, siku chache za kwanza baada ya dripu ni ngumu, na wiki ya mwisho kabla ya dripu inayofuata ni nyepesi. Siku ngumu tembea dakika 5 hadi 10 ndani ya nyumba, basi. Siku nyepesi fanya vipindi kamili. Ukihesabu kwa mzunguko mzima badala ya wiki, utaona hujakosa kama ulivyodhani.

Chembe nyeupe zinapokuwa chini, epuka kumbi za mazoezi zenye msongamano na vifaa vinavyoshikwa na kila mtu. Tembea nje, au fanya nyumbani.

Hatua ya sita: ipe akili kazi ndani ya mazoezi

Mwili ukishazoea, kuanzia wiki ya 5 au ya 6, ongeza mzigo mwepesi wa akili. Tembea huku ukihesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa tatu tatu. Badilisha njia na ujaribu kuieleza ukirudi. Jifunze hatua mpya za ngoma, au mfululizo mfupi wa mikao ya yoga au taichi, uufanye bila kuangalia maelekezo. Yoga imejaribiwa kwa watu waliomaliza matibabu ya saratani, na iliboresha usingizi wao na kupunguza malalamiko ya kumbukumbu.

Nina sababu nyingine ya kuipenda hatua hii: inaondoa uchovu wa kurudia kitu kilekile, ambao ndio huwafanya watu waache. Ila mwenye ganzi miguuni asifanye mambo mawili kwa pamoja akiwa amesimama bila kitu cha kushika. Na fanya mazoezi haya ya akili ukiwa na nguvu. Akili iliyochoka ikisukumwa hurudisha hasira tu.

Nani asogee kwa tahadhari, na lini usimame

Vituo vingi husimamisha mazoezi ya uzito chembe sahani zikiwa chini ya 20,000 kwa mikrolita, na huyafanya mepesi zikiwa kati ya 20,000 na 50,000, kwa hofu ya kuvuja damu. Hemoglobini chini ya gramu 8 kwa desilita nayo ni sababu ya kupunguza mpaka daktari aseme. Kila kituo kina mipaka yake, fuata ya kwako.

Saratani ikiwa kwenye mifupa, epuka kuruka, kujipinda kwa nguvu na kubeba vizito upande ulioathirika, na tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akupangie. Mwenye ganzi ya miguu, baiskeli ya mazoezi ni salama kuliko njia yenye mashimo. Mwenye uvimbe wa ubongo aliyewahi kupata degedege asiogelee peke yake, wala asiendeshe baiskeli barabarani. Aliyewekewa kitundu cha choo tumboni aepuke mazoezi yanayokaza tumbo kwa nguvu mpaka afundishwe namna ya kuyafanya, kwa kuwa henia hutokea kirahisi.

Simama papo hapo ukipata maumivu ya kifua, mapigo yanayoruka, kuishiwa pumzi kusikolingana na ulichofanya, kizunguzungu, maumivu mapya ya mfupa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hilo la mwisho huweza kuwa damu iliyoganda, na wagonjwa wa saratani hupata tatizo hilo zaidi ya watu wengine. Mguu huo usiusugue. Nenda ukapimwe.

Neno kwa anayemuuguza

Usimsukume, na usimzuie. "Pumzika tu" ilikuwa ushauri wa kawaida zamani, na ndugu wengi bado huutoa kwa upendo, wakati kulala mchana kutwa huongeza uchovu. Kinachosaidia ni kutembea naye. Tembea kwa mwendo wake, na usimfanyie mtihani wa kumbukumbu njiani.

Wiki ya 12: pima tena

Rudia vipimo vya hatua ya pili, katika siku ileile ya mzunguko kama bado uko kwenye dawa. Tazama kazi zako tatu pamoja na uchovu.

Uchovu ukishuka na kazi zikapanda, endelea hivyohivyo. Faida za mazoezi hupungua mtu akiacha, kwa hiyo tafuta aina unayoweza kuishi nayo. Uchovu ukishuka bila kazi kupanda, mwili umefanya sehemu yake na sasa unahitaji msaada wa akili wenyewe: omba rufaa kwa mwanasaikolojia anayepima uwezo wa ubongo, au mtaalamu wa tiba kwa vitendo, akufundishe mbinu za kumbukumbu, kalenda na kugawa kazi. Kama hata uchovu haukushuka, usiongeze mazoezi. Rudi kwa daktari na daftari lako, muangalie upya damu, tezi, usingizi, sonona na orodha ya dawa, kwa mpangilio huo.